Aliyeusikia Mpira: Maisha ya Jotham Asajile Mwakatumbula, 1953–1998

Jotham Asajile Mwakatumbula, ambaye leo Jumapili tarehe 11 Januari 1998 tunamrudisha kwenye udongo wa Kinyala, alizaliwa hapa hapa Kinyala tarehe 14 Machi 1953. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Asajile Mwakatumbula na marehemu mama Tupokigwe. Alitanguliwa na kaka yake Lazaro, akafuatiwa na Elina. Alibatizwa mwezi Agosti mwaka huo huo katika Kanisa la Moravian. Wasifu huu ameuandika Elina na ndiye anayeusoma. Atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa sababu yamo humu mambo ambayo asingeweza kuyatamka kwa kusema "mimi". Ni mrefu kuliko ilivyozoeleka. Mnaosimama kwenye matope mtuvumilie.

Alisoma shule ya msingi Kinyala kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alijulikana kwa kudaka mpira. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba kaptula zake zilichanika ubavuni kabla ya kuchanika makalioni, kwa sababu ya kujirusha, na mama Tupokigwe alizitia viraka vya gunia akisema gunia halioni haya. Jioni watoto wote waliteremka mtoni kuchota maji na kuoga, na wale inzi wadogo weusi waliwauma miguuni na mgongoni. Walijikuna wakarudi nyumbani. Hakuna aliyejua kwamba kuumwa kule kuna siku kutadai macho ya mtu.

Mwezi Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha chai, enzi hizo kikiwa cha serikali. Alianza kwa kubeba magunia ya majani mabichi, akapanda hadi kuwa mwendesha mashine za kusokota chai. Kuanzia mwaka 1972 alikuwa kipa wa timu ya kiwanda. Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na Esnath, binti wa mzee Hosea wa Bulyaga. Mungu akawajalia watoto watatu: Atupele, Lugano na Ikupa. Esnath alimpenda kipa, lakini mpira wenyewe hakuupenda. Alikuwa akisema kwamba yeye huenda uwanjani kuangalia kama mumewe ameumia, na akishaona hajaumia hurudi kwenye biashara yake ya ndizi.

Siku iliyobadili maisha ya Jotham ilikuwa Jumapili tarehe 2 Agosti 1981. Timu ya kiwanda ilicheza na vijana wa Kiwira ikafungwa matatu, na yote matatu yalitokea upande wa kushoto wa kipa. Jotham hakuinua hata mkono. Mashabiki walisema amekula hongo. Walimfuata hadi barabarani wakimzomea, na mmoja akamrushia bua la mahindi lililompata shingoni. Jotham hakujitetea hata kwa neno moja. Kesho yake Elina alimtembelea na kumkuta anamimina chai pembeni ya kikombe, kwenye goti lake mwenyewe, bila kujua. Hapo ndipo alipomwambia kwamba kwa mwaka mzima alikuwa haoni vitu vya pembeni, na kwamba ni afadhali aitwe mla hongo kuliko kipofu, kwa maana mla hongo anaweza kuacha. Elina aliahidi kutosema. Ilikuwa siri ya kwanza kati yao.

Hospitalini walisema ni usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wa mtoni, na kwamba dawa ya kurudisha kilichokwisha kuondoka haipo. Wakamwambia avumilie. Kufikia Pasaka ya mwaka 1984 hakuona tena hata mwanga wa dirisha. Kiwandani hawakumfukuza. Meneja wa wakati ule aligundua kwamba Jotham, akisimama katikati ya mashine sita zinazonguruma, anaweza kusema ni ipi beringi yake inakaribia kufa, siku mbili kabla mafundi hawajaona kitu. Wakamwachia kazi hiyo. Kila asubuhi alipanda lori la wafanyakazi, akatembea kati ya mashine akiwa amenyoosha mkono mmoja, akasikiliza.

Lakini nje ya kiwanda alikataa kwenda popote. Kwa miaka miwili alitoka nyumbani kwenda kazini na kanisani, basi. Mwaka 1986, mji mzima ulipokuwa hauzungumzi kitu kingine ila mpira, Elina alimfuata Jumamosi moja, akamwambia vaa viatu. Walikwenda hadi uwanjani. Dakika kumi za kwanza Jotham alilia, kwa sababu hakusikia kitu ila makelele ya watu yakitoka kila upande. Elina akaanza kumsimulia: mpira uko kulia, sasa unapigwa juu, sasa umetoka. Jotham akamshika mkono, akamwambia, "Elina, ukisimulia nakusikia wewe. Mimi nataka kuusikia mpira. Nipeleke nyuma ya goli."

Akampeleka. Huko nyuma ya goli, mita nne kutoka kwenye mwamba, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, ndiko kulikokuwa na nafasi ya Jotham, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Alijifunza kwamba mpira uliolowa unalia kama mto wa pamba unaopigwa ngumi na mpira mkavu unalia juu. Alijifunza kwamba watu wa upande wa barabarani huvuta pumzi kabla ya wale wa upande wa shule, na kwa hilo alijua shambulio linakuja kutoka wapi. Aliwatambua mabeki kwa kikohozi na kwa jinsi walivyokanyaga. Kipa alimjua kuliko alivyojijua mwenyewe: akitoka langoni mapema, akisita, akidaka kwa viganja au kwa kifua. Matangazo ya redio kutoka Dar es Salaam aliyasikiliza pia, ila alilalamika kwamba mtangazaji amesimama mbele yake, akawa anategea sikio nyuma ya sauti ya yule bwana akitafuta kelele za uwanja.

Wengi mliopo hapa mnakumbuka mechi ya kombe la mwaka 1991. Magoli hayakuwa na nyavu. Mpira ulipita karibu sana na mwamba na watu wakaanza kushikana mashati, huku wakisema umeingia, kule wakisema umetoka. Refa naye alikuwa mbali. Manahodha wawili wakakubaliana wakamuulize yule kipofu, na uwanja mzima ukacheka. Jotham akasema umepita nje, kwa sababu ulikwaruza nyasi ndefu, na ndani ya goli hakuna nyasi ndefu. Goli lilikuwa la kiwanda, timu yake mwenyewe. Refa akalikataa. Jotham alirudi nyumbani akiwa amemshika Elina begani na uso umechangamka, akasema kwamba leo ndipo amewalipa wale wa mwaka 1981.

Mwaka 1996 kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji. Mwezi Juni yalibandikwa majina ya waliopunguzwa kazi, na Elina ndiye aliyemsomea. Kwenye orodha mpya hapakuwa na kazi ya kusikiliza. Jotham alisimama pale ukutani kwa muda mrefu akiwa ameweka kiganja juu ya karatasi asiyoweza kuisoma. Baada ya hapo nyumba iliendeshwa na Esnath kwa ndizi na maharage sokoni. Jotham alishinda kwenye kibaraza cha Khalidi, fundi cherehani wa Bulyaga, ambaye zamani alishona sare za shule na siku hizi anapunguza suruali za mitumba. Elina, ambaye ni mjane na fundi wa kufuma masweta, ana mashine yake hapo hapo kibarazani.

Januari 1997 Jotham alianza kukohoa na kukonda. Alipimwa, akakutwa na kifua kikuu. Anayetaka kujua kama alikuwa na ugonjwa ule mwingine, daktari alimpima na hakuwa nao. Matibabu yalianza Jumatatu tarehe 10 Februari 1997. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alichomwa sindano na kumeza vidonge mbele ya nesi, na ilipasa iwe hivyo kwa miezi miwili, kisha vidonge peke yake kwa miezi sita. Aliyempeleka ni Elina, kwa sababu Esnath alikuwa sokoni tangu asubuhi. Kufikia wiki ya tatu kikohozi kilipungua na akaanza kumaliza ugali wake.

Wiki ya tano masikio yakaanza kulia. Hakumwambia mtu. Alisema baadaye kwamba ni kama mtu ameacha mashine moja ya kiwanda ikizunguka ndani ya kichwa chake na kuondoka na ufunguo. Alipotembea aliyumba. Jumapili tarehe 16 Machi walikwenda uwanjani kama kawaida, na katikati ya kipindi cha kwanza Elina aliona kaka yake anageuza kichwa huku na huku, kama kuku aliyepotewa na vifaranga. Alikuwa ameupoteza mpira. Aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaanza kutembea kuingia uwanjani, na refa akasimamisha mchezo.

Walipofika kibarazani kwa Khalidi, siku hiyo pamefungwa, Jotham alikaa chini, akasema, "Sindano zinanila masikio."

Elina alisema wamwambie nesi.

"Tukimwambia atasema nivumilie," Jotham akajibu. "Macho waliniambia nivumilie. Elina, ukinipeleka tena pale unanizika ningali hai. Usimwambie Esnath. Atanikokota kwa nguvu."

Yafuatayo Elina anayasema mbele ya jeneza. Hakubishana naye kama ilivyompasa. Alimtazama, akaona mtu aliyenenepa, ambaye hakohoi, akajiambia kwamba labda amekwisha kupona. Alijiambia hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe. Kesho yake, tarehe 17 Machi, badala ya kupinda njia ya hospitali alinyoosha moja kwa moja hadi kibarazani. Wakawa wanafanya hivyo kila siku. Esnath aliporudi sokoni na kuuliza kama dawa imekwenda vizuri, Jotham alisema vizuri, na Elina alisema vizuri. Khalidi hakujua lolote na asilaumiwe.

Katikati ya Aprili nesi wa kliniki ya kifua kikuu, Felista, aliwafuata Bulyaga kwa miguu akiwa na daftari. Jotham alikuwa ndani ya duka, nyuma ya suruali zilizotundikwa. Elina alisema kaka yake amehamia Mbeya kwa ndugu yao Lazaro na anaendelea na dawa huko. Nesi aliuliza hospitali gani. Elina alitaja ya kwanza iliyomjia kichwani. Nesi akaandika, akamshukuru, akasema wagonjwa wote wangekuwa na ndugu kama yeye kazi ingekuwa nyepesi. Alipokwisha kuondoka, sauti ya Jotham ilitoka nyuma ya suruali: "Ndaga, mdogo wangu." Elina ameisikia asante hiyo kila siku tangu siku hiyo hadi leo, na haimwachi apate usingizi.

Inapasa isemwe pia kwamba Jotham aliifurahia miezi ile. Mlio ulipungua, ingawa haukwisha, na sikio la kulia halikurudi sawasawa. Alihamia upande wa pili wa goli ili ategee la kushoto. Kuanzia Mei hadi Septemba alihudhuria mechi tisa. Mechi ya tarehe 7 Septemba kipa alizuia penalti, na Jotham, kabla watu hawajapiga kelele, alikuwa amekwisha kusema, "Ameidaka." Elina hajui afanye nini na furaha hiyo. Hajui aiweke upande gani.

Mwisho wa Septemba kikohozi kilirudi. Jotham alikohoa ndani ya masweta ya watoto wa shule yasiyokwisha kufumwa ili kuficha sauti. Esnath alisikia. Alimsihi mumewe arudi hospitali, akamsihi Elina amsaidie kumsihi. Jotham alisema dozi imekwisha, hii ni baridi ya Tukuyu tu. Elina alisema ni vumbi la sufu. Alisema hivyo akimtazama wifi yake machoni. Mara mbili, katika mwezi wa Oktoba, alisimama mlangoni kwa Esnath akiwa amekwisha kujiandaa kusema, na mara zote mbili akaomba chumvi.

Jumamosi tarehe 22 Novemba Jotham alitapika damu nyumbani, nyingi. Elina hakuwepo. Esnath alimfunga mumewe mgongoni kwa kanga mbili, kama mtoto, akateremka naye hadi barabarani, na gari la mchanga likawapeleka. Mtu mzima mwenye miaka arobaini na minne, na mgongo wa mwanamke uliweza kumbeba. Ndivyo alivyokuwa amekwisha.

Elina alipofika hospitalini, nesi Felista alifungua daftari lake, akasoma alichoandika mwezi Aprili, akamtazama Elina. Hakupandisha sauti. Akamchukua pembeni na kumwambia, "Mama, kwa nini hamkusema masikio? Tungeondoa sindano tu. Vidonge vingeendelea. Ipo dawa nyingine tunayompa mtu kama huyo."

Elina aliuliza kama ni kweli. Nesi akasema ni kweli. Elina alikaa chini pale pale kwenye korido, na watu wakawa wanamruka.

Daktari alieleza kwamba sasa ugonjwa umezizoea dawa na inabidi dawa zote zitumike kwa pamoja, na sindano ikiwemo, tena kwa muda mrefu zaidi. Alimuuliza Jotham kama anakubali. Jotham alisema, "Chomeni." Kufikia Krismasi alikuwa hasikii kabisa. Hivyo alilipa kwa masikio yale yale aliyojaribu kuyaokoa, na hakupata kitu.

Tarehe 26 Desemba kulikuwa na mechi uwanjani, na upepo ulikuwa unakuja upande wa hospitali. Goli lilipofungwa kelele ziliingia wodini kwa madirisha yote na wagonjwa wakageuza vichwa, hata waliokuwa mahututi. Jotham hakugeuka. Baada ya muda aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasioisikia sauti yao wenyewe, "Elina, leo hakuna mpira?" Elina alimshika kiganja, akaandika kwa kidole, herufi moja moja: UPO. Jotham akasema, "Niambie basi." Kutoka pale kitandani Elina hakuona kitu ila ukuta wa jiko la hospitali. Akaanza kuandika. Alimwandikia mechi nzima, pasi na kona na mipira ya kurusha, timu ya kiwanda ikiwa mbele kwa mawili, na Jotham alikunja na kukunjua vidole kila mpira ulipokaribia goli. Alichoandika chote kilikuwa uongo. Kati ya uongo wote aliousema mwaka ule, huo hauombei msamaha.

Jotham alifariki Ijumaa tarehe 9 Januari 1998, saa nne asubuhi, Esnath akiwa ameweka mkono kifuani pake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, miezi tisa na siku ishirini na sita.

Tangu mwili ufike nyumbani yamesemwa maneno. Imesemwa kwamba alikufa kwa ugonjwa ule na kwamba Esnath aliuleta kutoka kwenye safari zake za kununua maharage. Jana mchana mwanamke mmoja, ambaye yuko hapa na hatatajwa, alisuuza kwa maji ya moto kikombe ambacho Esnath alikuwa amekwisha kunywea, tena mbele yake. Elina aliona. Aliingia ndani mkekani alipokaa wifi yake, akawaomba wengine watoke, akamweleza yote kuanzia tarehe 16 Machi. Esnath alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Miezi minane, wifi. Nilikuwa napikia mgonjwa nikidhani napikia mzima." Akajifunga kanga upya. "Yaandike. Yasome mbele yao wote, usiache hata moja. Halafu usije kwangu mpaka nikuite."

Yameandikwa. Esnath aliyasoma jana jioni kabla hayajapelekwa kuchapwa, akarudisha karatasi kwa mkono wa Atupele, hakufuta kitu. Jotham alikufa kwa kifua kikuu kilichokuwa kinatibika. Mkewe alimtunza kwa nguvu zake zote na hakuficha lolote. Aliyeficha ni dada yake, kwa kumpenda na kwa kuogopa, na amesimama mbele yenu. Na kama yupo kati yenu anayepewa dawa na dawa hiyo inamuumiza mahali, akamwambie nesi leo hii. Asimwambie dada yake.

Marehemu ameacha mjane, Esnath. Watoto watatu, Atupele, Lugano na Ikupa. Mjukuu mmoja, Lusekelo. Kaka yake Lazaro, wa Mbeya. Rafiki yake Khalidi, ambaye jana alishona kwa mkono wake shuka tuliyomfunikia. Na mdogo wake Elina.

Mungu ampokee Jotham, ampe amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.